Meno ya Bwana Nassoro

Makame Pengo alibakiwa na visiki viwili vya meno ya mbele, ambavyo yeye alisema vimebaki kwa uvivu wa kung'oka. Bwana Nassoro, tajiri wa mtaa, akampeleka kwa daktari na kumlipia. Visiki vikavishwa kofia, katikati likajengwa daraja la meno, kwa sharti moja: Makame acheke kila Bwana Nassoro afanyapo mzaha barazani.

Siku moja mzaha ukapita, Makame akasahau kucheka.

"Nirudishie meno yangu!"

"Yote ni yako, bwana?"

"Yote! Baraza nzima mashahidi!"

"Basi chukua mwenyewe. Kinywa changu ni nyumba tu, wewe ndiye mwenye samani."

Makame akaachama. Bwana Nassoro akatia kidole.

Punde wakawa mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, kidole kimefungwa kitambaa.

"Bi Sheha, huyu kaniuma!"

"Nimuume kwa lipi, mama? Mtaa mzima wanijua kibogoyo."

Sheha akamgeukia tajiri. "Kama meno ni yako, umejiuma. Kama ni yake, akuombe radhi. Ni ya nani?"

Bwana Nassoro akakitazama kidole, akawatazama watu.

"Yake," akanong'ona.

Makame akaomba radhi kwa adabu zote, kisha akacheka, safari hii bila sharti.