Mnazi wa Kitovu cha Hamadi

Haya, sogeeni. Mwenye kutafuna amalize kabisa, maana kisa hiki kikifika mwisho mtaulizwa, na jibu la mdomo uliojaa muhogo halisikilizwi hapa.

Huko Pemba Bi Mize alikuwa na mnazi nyuma ya nyumba yake. Mrefu huo! Ukitazama kileleni, kofia inaanguka. Marehemu mumewe, aliyekuwa mkwezi, alizika kitovu cha mtoto wao wa pekee, Hamadi, akapanda mche juu yake. Hamadi alifariki angali kijana, na Bi Mize akabaki na mnazi. Kila asubuhi aliuamkia. Watu walimcheka, wala hakuwajali.

Lakini mumewe naye alipokufa, mnazi haukupata tena wa kuusafisha. Makuti makavu yakajazana juu, nazi zikawa zinajiangukia tu, na watoto waendao chuoni kusoma Kurani wanapita papo hapo. Siku kuti lilipomkosa mtoto wa jirani chupuchupu, sheha, mkuu wa mtaa, alikuja. Alisema kwa upole, lakini alisema. "Bi Mize, Jumamosi nakuja na mtu wa msumeno wa moto. Akiukuta umesafishwa, atarudi zake. Akiukuta hivi, anaukata." Bi Mize alilia mpaka kanga ikalowa.

Ndipo wakajitokeza watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Faki alijaliwa miguu. Mnazi ambao wenziwe wanautazama na kumeza mate, yeye anaupanda huku anapiga mluzi.

Shaame alijaliwa vidole. Alisuka kamba za makumbi, na hakuna fundo lake lililowahi kufunguka bila yeye kutaka. Alikuwa na maneno pia, lakini hayo tumsamehe.

Siwatu alijaliwa macho na sauti. Akiwa chini anakwambia kuti lipi zima na lipi limekufa, na akiita, wa kileleni anamsikia hata upepo ukivuma.

Jumamosi mtu wa msumeno alifika mapema na sheha, akakaa pembeni na mashine yake mapajani. Siwatu aligonga shina kwa mpini wa panga, akatega sikio. "Shina zima," alisema. "Ila vidato vimeoza. Faki, miguu yako iviruke." Hivi si vidato vya skuli jamani, ni zile ngazi walizochonga watu wa zamani kwenye shina. Maji huingia humo, mti ukaoza kidogo kidogo.

Shaame akamfunga Faki kamba ya kiunoni, ikauzunguka mnazi. Kisha akatoa ya pili, ndefu.

"Ya pili ya nini?" Faki akacheka. "Unampandisha mtu au unafunga ng'ombe?"

"Ya kwanza ya kazi, hii ya mama yako, asije akalia. Bila hii hupandi."

Faki akasonya, lakini akafungwa.

Siwatu akawageukia watu. "Mdomo ni mmoja tu, wangu. Mwengine asitie neno. Na hapa hakuna kusema 'usi'. Upepo unaila 'usi', wa juu anasikia kinyume. Ukitaka mtu aache, unamwambia 'acha'." Watu wakaitikia, na Bi Mize akaitikia pamoja nao.

Faki akapanda. Alipofika juu aliifunga kamba ya pili kwenye shina, ndipo akaifungua ya kwanza, maana huwezi kupenya kwenye makuti nayo. Akaanza kazi. Kila kuti kavu alilichanja kwanza kwa chini, kisha akalipiga kwa juu, lisije likachanika na kumrudia usoni. Mabichi aliyaacha, hayo ndiyo maisha ya mnazi. Makuti yakawa yanaporomoka upande wa shambani, na Bi Mize akaanza kutabasamu.

Mara akauona mkono wa Faki unakwenda kwenye kuti lililooza kitako. Mke wa mkwezi huyo, analijua kuti. Moyo ukamruka, akasahau yote aliyoitikia.

"Faki, usishike hilo!"

Upepo ukaila "usi". Kilichofika juu ni "shike hilo", na Faki akalishika kwa uzito wake wote. Kuti likakatika kaa! Miguu ikateleza, panga likaanguka, na mtu akaja chini.

Kamba ya pili ikakaza. Fundo la Shaame kiunoni likashika, Faki akaning'inia akizunguka hewani, macho yamejaa vumbi, haoni kitu. Bi Mize akakaa chini pu! "Nimemuua mtoto wa watu," akasema, na alimaanisha.

Siwatu hakubabaika hata. "Faki, tulia! Mguu wa kulia, nyuma! Shina lipo, kaza! Sasa mkono wa kushoto, juu, juu tena! Hilo bichi, kamata!" Faki akaifuata ile sauti macho yamefumbwa, mguu kwa mguu, mpaka akalikumbatia shina.

Hapo wewe ungeshuka, na mimi ningekuwa nimeshafika nyumbani. Faki alijifuta uso, akashusha ncha iliyobaki ya ile kamba ndefu. "Nifungieni panga langu! Sijamaliza!" Akamaliza kweli. Nazi zote akaziteremsha kwa kamba, hakuna iliyogusa bati la nyumba. Mnazi ukabaki safi, umesimama na makuti yake mabichi. Vigelegele vikaanza huku vikapokewa kule, sheha akapiga makofi, na mtu wa msumeno akaibeba mashine yake huku akiomba dafu.

Bi Mize aliingia ndani, akatoka na kotama ya marehemu mumewe, kile kisu chake cha minazini. "Mnazi huu utaishi kuliko mimi," alisema. "Atakayechukua kotama hii ndiye nitakayemwachia mwanangu. Nani?"

"Mimi niliyepanda," alisema Faki, "na nikaanguka, na nikarudi."

"Ungerudi na nini? Na mbawa?" Shaame akamjibu. "Fundo langu ndilo lililokubakisha hai."

"Ulikuwa unaning'inia kama fuko la nguo, kaka," alisema Siwatu. "Nani alikwambia shina liko wapi?"

Bi Mize akawatazama mmoja mmoja. Bila miguu, mnazi ungekuwa kuni. Bila kamba, kungekuwa na kilio. Bila ile sauti, mtu angezunguka hewani mpaka nguvu zimwishe. Kotama ni moja, na yeye mwenyewe neno lake lilikaribia kuua siku hiyo, kwa hiyo anaogopa kulisema jengine.

Basi mkono wa Bi Mize umeshanyooka na kotama iko juu yake. Semeni nyinyi mlioshiba: ampe nani amwache Hamadi mikononi mwake?