Ndege Waliotazama Kulia

Kitenge huulizwa mgongo. Mnausema msemo huu mkichagua simu, viatu, hata mchumba, kisha mnaniuliza mimi umetoka wapi. Umetoka Nzega, kwenye meza ya ushonaji ya Nyamizi, na ulizaliwa hivi.

Harusi ya Kabula ilikuwa imekaribia, na wanawake wa ukoo walitaka sare ya kitenge cha nta. Mama Limi, shangazi wa bibi harusi na mkuu wa kamati, alikuwa amempata muuzaji mtandaoni. Picha zake zilimeta: ndege wa buluu kwenye kitambaa cha rangi ya chungwa, wote wakitazama kulia, na nembo ya dhahabu pembeni. Ila kamati ilikuwa na desturi: sare hainunuliwi kabla fundi hajakubali.

Nyamizi hakukubali. Mwaka uliotangulia, fundi wa mtaa wa pili alishona sare zilizochuja kwa jasho la ngoma ya kwanza. Muuzaji hakulaumiwa, maana hakuna aliyewahi kumwona. Alilaumiwa fundi, wateja wakamkimbia, akafunga cherehani yake na kurudi kwao.

Nembo hubandikwa, Nyamizi alijiambia. Kitenge cha nta hunywa rangi pande zote mbili. Cha bandia hupauka nyuma. Dukani angekigeuza kwa vidole viwili. Kwenye simu angegeuza nini?

Alimwomba muuzaji picha ya mgongo. Akaletewa nembo, safari hii kwa karibu. Akaomba tena, akaletewa sifa za wateja. Mara ya tatu akaambiwa mzigo unakwisha, wenzake wanalipia. Haraka ile ikamzidishia shaka. Wanakamati nao wakaanza kumcheka, wakisema Nyamizi akipewa yai atadai kwanza aonyeshwe kuku.

Hatimaye picha ya mgongo ikaja, rangi zikiwaka vilevile. Mama Limi akainua simu juu kama kombe.

“Haya, fundi. Mgongo huo. Una neno jingine?”

Nyamizi aliitazama picha kwa muda mrefu. “Ndege wanatazama wapi, Mama Limi?”

“Kulia. Kwani wewe huoni?”

Nyamizi akachukua kipande cha kitenge mezani, chenye samaki wanaoelekea kulia. Akakigeuza. Samaki wote wakaelekea kushoto.

“Kitambaa kikigeuzwa, ndege hugeuka nacho,” alisema. “Huyu katupigia picha ya uso mara mbili. Mgongo anao. Anauficha.”

Kamati ikaamua kununua dukani. Mama Limi peke yake alinuna, akasema ndege si kitu cha kumvunjia mtu biashara. Akaagiza doti moja, yake mwenyewe.

Siku nne kabla ya harusi aliingia kwa Nyamizi na kifurushi kwapani. Hakusalimu. Alikitandaza kitenge mezani kifudifudi, na mgongo wake ulikuwa mweupe kama uji wa mgonjwa. Wanawake waliokuja kupimwa wakaangalia chini, wakibana vicheko.

“Umeleta nishone?” Nyamizi aliuliza taratibu.

“Hapana, mwanangu,” alisema Mama Limi. “Nimekuja kukiuliza mbele yenu. Nanyi mwambieni kila mwenye simu: uso wa kitenge usimtoshe. Kitenge huulizwa mgongo.”