Sakafu Nyekundu ya Sultan Hamud

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako mkuukuu, umechanika pembeni lakini mgongo wako unaujua. Msala ni ule mzuri unaopita begani kwa mwenzio. Ndila wa mji wa Sultan Hamud aliikariri methali hiyo tangu shule ya msingi. Lakini kukariri si kusikia.

Marehemu mama yake alimwachia gesti kando ya barabara: vyumba vya mabati, jiko, baraza, na sakafu nyekundu iliyong'aa kama kioo. Mama hakuruhusu kiatu kuikanyaga. Hata dereva wa lori mwenye kitambi alikalishwa mlangoni, akavuliwa buti na mwenyeji mwenyewe. Ndila alikuwa akiona haya. Kisha wageni walipohamia kwenye ghorofa za vioo, aliapa kujenga yake. Binti yake Kanini, aliyekuwa akisoma Japani, alipomwalika huko, Ndila alimwachia kaka yake mwenyewe, Musembi, kazi moja tu: kubomoa.

"Nikirudi nipate uwanja mtupu," alisema. "Nakuja na ramani ya ghorofa ya Kijapani!"

Kanini hakumpeleka kwenye ghorofa. Walishika kwa miguu barabara kuu ya kale, iliyopanda milima ikipita misituni, ambayo wasafiri wa zamani waliifuata kutoka mji mmoja wa kulaza wageni hadi mwingine. Jioni wakafika katika mmoja wa miji hiyo. Nyumba nyeusi za mbao zilikuwa zimeshikana mabega, watalii wamejaa kama siafu.

"Mwaitu, mama yangu, tutalala hapa."

"Hapa? Mama yako nimevuka bahari nije kulala kwa kibanda cha enzi za Nuhu?"

"Hicho kibanda nimekitafutia nafasi tangu mwaka jana."

Ndila akaingia na viatu vyake vya vumbi mpaka juu ya mkeka. Bibi mwenye nyumba, nywele nyeupe kama pamba, hakufoka. Alimkalisha kizingitini, akapiga magoti, akamfungua kamba za viatu, akavipanga mlangoni. Kisha akaupangusa mkeka kwa kiganja na kusema jambo.

"Anasema mama yake aliwavua wageni viatu hivi hivi," Kanini akafasiri. "Barabara mpya ilipopita bondeni, wengi walimshauri bibi huyu abomoe. Akakataa."

Ndila akavitazama viatu vyake pale mlangoni. Alikuwa anaona buti za dereva.

"Kanini, nipe simu. Haraka!"

Nyumbani ilikuwa mchana. Musembi alipokea, injini ikinguruma nyuma yake.

"Tingatinga liko wapi?"

"Hapa mlangoni, dada. Jiko limeshaanguka. Mwendeshaji anamalizia chai, aingie vyumbani."

"Mwongeze chai!"

"Ya kupikwa wapi, na jiko ni hilo chini?"

"Mnunulie hotelini, na mandazi! Halafu aende zake. Na wewe Musembi, vua viatu uisugue sakafu ya mama."

"Dada, huko wamekulisha nini?"

"Wamenilaza mkekani."

Ndila aliporudi alipikia chini ya turubai kwa muda mrefu, maana jiko halikurudi kwa majuto. Mgeni wake wa kwanza alikuwa dereva mzee wa lori, mwenye kitambi na kichwa cha mvi. Alisimama mlangoni akiitazama sakafu.

"Nilidhani nyumba hii ilikufa na mama yako."

"Ilikuwa njiani," alisema Ndila, akipiga magoti kufungua kamba za buti lake. "Kaa hapo, mzee. Huingii hivyo."

Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.