Tisa ya Sista Atuganile

"Namba ni mgeni, iulize mlangoni." Mmenisikia nikimwambia hivyo Nsajigwa nikimrudishia programu yake, na sasa nyote mnanikodolea macho mkitaka kujua neno hilo limetoka wapi. Mngeniacha ninywe chai kwanza. Haya, kaeni. Chanzo chake ni mimi, na wala si kwa sifa.

Miaka kumi na minane iliyopita niliandika programu ya kuongoza mashine za dripu katika wodi ya watoto wachanga, hospitali moja ya wilaya huku kwetu Nyanda za Juu. Muuguzi aliandika kwenye kompyuta mtoto apewe mililita ngapi kwa saa, mashine ikatii. Sasa, kompyuta huyapokea yale kama maandishi tu, sawa na jina la mtu. Lazima uyageuze yawe namba, na hapo uiambie kama unahesabu kwa kumi kama sisi, au kwa nane kama zilivyofanya kompyuta za zamani. Mimi sikuiambia. Nilikuwa nimechoka, nikaiachia ikisie yenyewe. Nikajaribu tisa, ikaleta tisa. Nikajaribu kumi, ikaleta kumi. Nikafunga kazi.

Sista Atuganile alikuwa na miaka ishirini katika wodi ile. Siku ya tatu tangu programu yangu ianze kazi, mchana, akimgeuza kichanga wa mama mmoja aitwaye Subilaga, aliona midomo imekauka na mashine imenyamaza. Akaifungua dripu kwa mkono. Mtoto alipona, ila alikuwa amekaa saa nne bila tone. Kwenye kumbukumbu za kompyuta, mbele ya jina la sista, palisomeka sifuri.

Kikao kikaitishwa ofisini kwa matroni, nami nikaitwa. Nikasema, tena kwa kujiamini, kwamba kompyuta haitungi kitu, imeweka alichoandika sista mwenyewe. Maneno yale yananichosha hadi leo kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari mezani.

"Niliandika tisa," sista akasema.

"Hebu andika tena hapa," nikamwambia, nikimsogezea kompyuta yangu.

Akabonyeza sifuri, sifuri, tisa.

"Mbona sifuri mbili?"

"Ndivyo tunavyoandika wodini, kaka. Ukiacha nafasi mbele ya tisa, mtu anaweza kuchomeka moja, mtoto akapewa kumi na tisa. Kwa hiyo tunaziba."

Nikaiamuru kompyuta iyageuze yawe namba. Ikaleta sifuri. Kompyuta ilipoona sifuri mbele ilikisia kwamba tunahesabu kwa nane, na katika hesabu hiyo tarakimu huishia saba, tisa haipo. Badala ya kulalamika, iliitupa tisa ikabaki na sifuri zake. Mimi nilijaribu kwa namba nilizoandika mwenyewe tu, na mimi siandiki sifuri mbele.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" matroni akauliza.

"Langu."

Sista Atuganile hakufurahi wala hakufoka. Alinitazama kwa macho yaliyokosa usingizi.

"Kaka, mtu akija wodini kwangu namsimamisha mlangoni. Namuuliza yeye nani, katoka wapi, anamtaka nani. Asiponijibu vizuri haingii, hata awe mkubwa namna gani. Hiyo namba yako, wewe uliiuliza nini?"

Matroni aliichana barua, sista akaomba ruhusa arudi kwa wagonjwa wake.

Niliiandika upya programu yote. Kila namba ikasimamishwa kwanza: wewe ni tarakimu tupu? Unahesabiwa kwa kumi? Umeacha kitu nyuma bila kusomwa? Isiyojibu ikakataliwa kwa kelele, muuguzi asikie.

Mtoto yule amemaliza kidato cha nne. Huwa nakutana na mama yake sokoni, ananisalimia vizuri kabisa, kwa kuwa hajui kilichomkausha mwanawe ni nini. Sijapata nguvu ya kumwambia.

Kwa hiyo, Nsajigwa, ukiniletea kazi ukasema umeijaribu na imekubali, nami nikakurudishia mara ya tatu, usininunie. Namba ni mgeni, iulize mlangoni.