Mshambuliaji wa Ihanga

Mtu mmoja alikuwa na mguu wa kushoto ulioifurahisha Ihanga yote. Jina lake Kiswaga, mkulima wa viazi, mshambuliaji wa timu ya kijiji chake tangu alipoota ndevu. Akifunga, kina mama walipiga vigelegele na wazee walimpisha kiti. Asipofunga, alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma na chakula hakikumpita kooni.

Miaka ikaenda, akaanza kuamini kwamba Ihanga ni yeye. Mpira ukimfikia hakumpasia mtu. Hakuwa na roho mbaya; aliogopa tu. Wenzake wakiukosa, nani atawaokoa? Hata goti lilipoanza kuvimba, alilifunga kitambaa ndani ya soksi, mkewe asione.

Ikaja fainali na kijiji jirani. Timu zilikuwa sare, mchezo unakaribia kuisha, Kiswaga akageuka kupiga shuti. Goti likaachia. Akaanguka, akajiinua, akaanguka tena. Wenzake walipomjia aliwasukuma, akilia kwamba akitoka yeye timu imekwisha.

Mgaya, mlinda mlango, aliyekua naye tangu utotoni, alikimbia kutoka golini kwake akachuchumaa kando yake.

“Kiswaga, ndugu yangu, siku zote tupo kumi wengine humu uwanjani. Hebu pumzika, utuachie mpira.”

Wakambeba, wakamketisha nje ya mstari. Akajifunika uso kwa jezi, akingoja kusikia kilio cha kushindwa. Vikaja vigelegele. Alipofunua uso, alimwona beki mmoja, mtu mzima ambaye hadi dakika ile hakuwahi kufunga bao maishani mwake, akikimbia ovyo uwanjani, hajui hata ashangilie vipi.

Kwanza wivu ulimchoma Kiswaga. Halafu kitu kizito kikamtoka kifuani, kitu alichokizoea mno hata akadhani ni sehemu ya mwili wake, akacheka huku machozi yakimtoka. Usiku ule alikula akashiba, akalala fofofo.

Hakucheza tena. Msimu uliofuata alikwenda uwanjani akichechemea, akakaa na watazamaji, na hakuna aliyeshangilia kwa sauti kubwa kumshinda. Watu wakaendelea kumpisha kiti.

Wapendwa, ni nani kati yetu anayesubiri mpaka goti limwangushe ndipo akubali kwamba Mungu amempa wenzake?