Vifuko Vilivyotoboka

Ndugu zangu, hebu nimlete mbele yenu mama mmoja mfugaji wa viwavi wa hariri, kule milimani kwenye baridi. Viwavi wake walikula majani ya mforsadi wakashiba, wakajifungia ndani ya vifuko vyeupe, chumba kizima! Ilibaki kuvifukiza kwa mvuke kabla viwavi hawajageuka nondo wenye mabawa na kutoboa njia ya kutokea. Kifuko kikitoboka, uzi umekatika, na mnunuzi hakitaki.

Siku ya kufukiza, jirani yake akajifungua mtoto njiti, miezi haijatimia. Mama yule akauacha moto, akakimbilia kwa jirani. Akabaki huko siku kadhaa akipika uji, akifua nepi, akimbembeleza mzazi. Aliporudi na kufungua mlango wake, lo! Nondo wanapepea hadi darini.

Mnunuzi alipofika alicheka. "Mama, hizi takataka. Katupe shimoni."

Mama mkwe wake naye akadakia, "Si ulikwenda kulea wa wenzio? Haya, ipike hiyo huruma yako tule!"

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Yeye alijitwika kapu, machozi yanamlenga, akashika njia ya shimoni. Alipofika kwa jirani akasikia kilio chembamba.

"Mwenzangu, mtoto hapati joto," jirani akamwambia. "Nimemfunika kanga zote, miguu bado barafu."

Mama akaingiza mkono kapuni. Laini! Wakavichemsha vile vifuko kwa magadi, wakavisuuza, wakavianika juu ya jiko, huku wanawake wakipokezana mtoto vifuani mwao. Vilipokauka wakavichambua kama pamba, wakavishonea katikati ya vipande viwili vya kanga, wakamfunika mtoto. Jamani! Chai haijachemka, kichanga kikatoa jasho puani! Vigelegele vilisikika bonde zima.

Msimu uliofuata mnunuzi yuleyule akaja mbio, anahema. "Mama, mke wangu kajifungua njiti. Nasikia una blanketi la ajabu. Ni hariri gani hiyo?"

"Ile uliyoniambia nikatupe, baba." Akamkunjia lililo zuri kuliko yote aliyokuwa ameshona tangu siku ile. "Wahi, mtoto asipate baridi."

Na sisi je? Tukiona mtu ana tundu, tunasema kaharibika. Nani huuliza alikuwa wapi siku alipotoboka? Mama yule alipoteza uzi wake kwa ajili ya mtoto, na uzi uleule ukamfunika mtoto yuleyule! Basi wewe uliyepata hasara kwa kutenda wema, najua kapu ni zito na shimo liko karibu. Usiende. Pitia kwanza kwa jirani.