Mikono Myeusi kwa Bibi Kakakuona

Hapo zamani za kale, wanangu, nguruwe alipokuwa bado anaona haya kulala kwenye tope, wanyama walikuwa na vijiji na desturi zao.

Katika kijiji kimoja, nyumba ya mnyonge ilijengwa na wote. Fito zikishafungwa, kila familia ilikuja na watoto wake kukandika kuta, na mwenye nyumba akateleka chungu. Kazi ikiisha, wote walinyoosha mikono yenye udongo mbele yake, akawanawisha yeye mwenyewe, wakaketi kwenye sinia. Asiye na udongo mikononi hakunawishwa, na asiyenawishwa hakula. Desturi nzuri, au siyo? Basi sikilizeni walivyoichezea wakubwa wasio na haya.

Bi Kindi, mdogo wa umbo na mwepesi wa akili, hakukosa kwenda na watoto wake kila palipojengwa. Siku ya nyumba ya Kobe alipanda mtini kukata kamba, akaona mambo mtoni. Bwana Kifaru na Bwana Nyati walikuwa ukingoni na watoto wao, wanapakana matope!

"Nyoosha mkono, mwanangu," Kifaru alimwambia binti yake. "Paka mpaka kiwikoni, waone tumechoka."

Kisha wakaja, puu, puu, puu, wakanawishwa, wakala wa kwanza. Waliokandika tangu asubuhi wakabakiziwa ukoko. Ukoko, wanangu!

Bi Kindi aliwagawia watoto wake ukoko. Kifaru ana pembe, Nyati ana pembe, yeye ana mkia tu. Mwenye nguvu mpishe, alijiambia.

Lakini walipokwenda kumjengea Digidigi, alimkuta mwanawe Machepele nyuma ya kichaka. Alikuwa amecheza kutwa nzima, na sasa anajipaka matope.

"Unafanya nini?"

"Najitayarisha kula, mama. Binti wa Kifaru hufanya hivi, na yeye hula kwanza. Kukandika ni kazi ya wajinga."

Hakumchapa. Amchape vipi, wakati waliomfundisha ni wazee wanaokaa mbele barazani na kukohoa kabla ya kusema? Alirudi nyumbani na hasira. Chakula wangekula tu, angevumilia. Kumwibia mwanawe moyo wa kusaidia, hilo hapana.

Haukupita muda, nyumba ya Bibi Kakakuona ikaanguka. Mjane mzee, hana mtoto, mawingu ya masika yameanza kukusanyika, naye analala kwenye ghala la jirani amejiviringa kwa baridi. Baraza likaamua ajengewe. Jioni ile Bi Kindi alikwenda kumnong'oneza jambo. Bibi alicheka mpaka magamba yake yakalia cha! cha! cha!

Sasa, kijiji kile kilikandika kwa tope jeusi la mtoni, tangu enzi za mababu. Siku ya kazi, Bi Kindi aliwaambia waliowahi kufika kwamba leo hakuna kwenda mtoni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichuguu kilichohamwa na mchwa, na Bibi, fundi wa kufumua vichuguu, alikwisha kukifumua. Udongo wake ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva.

Machepele alifika akiburutwa sikio. Watoto wakaukanyaga udongo, wakaufinyanga, wakaurusha ukutani, pwaa! pwaa! Hata kununa kwake Machepele akakusahau. Kufika mchana kuta tatu zilikuwa tayari. Ule wa nyuma Bi Kindi aliwakataza wasiuguse, fito zikabaki wazi.

Harufu ya mihogo ya nazi ilipoanza kutambaa, wakubwa nao wakafika na watoto wao. Puu, puu, puu. Nyumba hawakuitazama. Walitazama chungu.

Bi Kindi aliwapokea kwa adabu zote. "Shikamooni, wazee wetu. Poleni na kazi. Bwana Kifaru, ulikandika upande gani? Sikukuona, macho yangu madogo."

"Ukuta wa nyuma," Kifaru akajibu, amejishika kiuno. "Mimi na binti yangu. Mgongo wote unaniuma."

"Nasi tulikuwa pamoja naye," Nyati akadakia.

"Mungu awazidishie. Basi tunyooshe mikono, Bibi atunawishe."

Mikono ikanyooshwa. Bibi akapita na kata ya maji. Mwekundu, mwekundu, mwekundu. Alipofika kwa wakubwa, akasimama.

Binti wa Kifaru, ambaye kuficha hakujui bado, akauliza, "Baba, mbona mikono yao myekundu? Mtoni hakuna matope ya rangi hiyo."

Hapo ndipo Kifaru alipoitazama nyumba kwa mara ya kwanza. Nyati akaitazama miguu yake.

"Njooni nyuma mwone ukuta waliokandika wazee wetu," akasema Bi Kindi. Upepo ulikuwa unapita kwenye fito, fyuu. "Mvua ingeingilia hapa. Bibi angelowa, nanyi mmeshiba mihogo yake. Hilo mngelimaliza wenyewe na Mungu. Lakini mmewafundisha watoto, wenu na wangu, kwamba anayesaidia ni mjinga. Hilo nalidai hapa hapa."

Kifaru akavimba, akasema binti yake hakuzaliwa kushika udongo wa mchwa. Bibi Kakakuona akafunika chungu.

Machepele ndiye aliyemshika mkono binti wa Kifaru. "Twende, nikuoneshe. Unafinyanga donge, halafu unalitupa kwa nguvu." Mtoto wa Nyati akawafuata mbio. Pwaa! pwaa! Nyuma ya nyumba vikasikika vicheko.

Walirudi wamekuwa wekundu mpaka viwikoni. Bibi akawanawisha, akawaketisha kwenye sinia. Binti wa Kifaru akamega muhogo, akamtazama baba yake aliyesimama peke yake na Nyati, matope meusi yanawakaukia na kupasuka mikononi.

"Baba, umebaki ubavu mmoja wa ukuta," akasema. "Njoo nikuoneshe."

Kifaru akainamisha pembe, akaenda. Nyati nyuma yake.

Mtoto hafuati kidole cha mzazi, hufuata nyayo zake.